Una laki saba na unataka kompyuta ya gemu? Anzia kwenye pawa saplai

Mnisamehe kwa ukimya wa wiki mbili, mvua na umeme vilikuwa vinapokezana kunitesa. Leo naweka pembeni habari za halmashauri na barabara yetu. Nataka tuongelee kompyuta ya gemu, kwa sababu kuna chalii wa hapa jirani alibakiza dakika chache tu arushe laki saba na nusu kwa mtu asiyemjua, aliyemwona kwenye simu.

Dogo kamaliza form four. Kwa mwaka mzima amekuwa akiuza parachichi siku za soko pale Ngaramtoni na kufanya vibarua kwenye vitalu vya miche ya miti. Hela yote hiyo kaitunza kwa ajili ya kitu kimoja. Akaja kwangu jioni, "Kaka shikamoo, naomba uniangalizie hii kabla sijatuma." Akanionyesha tangazo: kompyuta ina kioo ubavuni, taa za rangi zote zinazunguka mpaka macho yanauma. Maelezo yake: kompyuta ya gemu, RAM 16, grafiki 4GB, bei 750,000, tuma hela leo tunakuwekea kwenye basi kesho.

Nikamwambia amuulize muuzaji maswali mawili tu. Prosesa ni modeli gani? Na kadi ya grafiki inaitwaje? Jibu likarudi baada ya dakika tano: "Ni kali sana bosi, inacheza kila kitu." Akauliza tena. Kimya.

Sasa hapo ndipo wengi tunapopigwa, kwa hiyo naomba nieleze. "Grafiki 4GB" haikwambii kitu. GB za kadi ni ukubwa wa meza ya kufanyia kazi, si nguvu za fundi aliyekaa kwenye hiyo meza. Kuna kadi inaitwa GT 730, ilitoka mwaka 2014, na kuna toleo lake lenye 4GB. Kuna GTX 1050 ya mwaka 2016 yenye 2GB tu. Ukiziweka pamoja kwenye gemu, ile ya 2GB inaiacha mbali mno ile ya 4GB. Mtu anayekuuzia kwa GB bila kutaja jina la kadi, ama hajui anachouza ama anajua sana. Na zile taa hazikuongezei hata picha moja kwa sekunde.

Basi tukakaa chini. Swali la kwanza nililomuuliza si la hela. Nilimuuliza, unataka kucheza nini? Akataja PES 2013 na PES 2021, GTA V, Counter-Strike, na siku moja Valorant. Nikapiga naye hesabu ambayo na wewe unayesoma hapa huku saa ya kafe inakimbia unapaswa kuipiga. Kafe anayochezea wanachukua buku kwa saa. Laki saba na nusu ni saa 750. Ukicheza saa mbili kila siku ya Mungu, ni mwaka mzima na siku kumi. Huna bili ya umeme, huna kuungua kwa kitu, mausi ikifa ni shida ya mwenye kafe. Sikumficha hilo. Akanijibu kwamba anataka pia kujifunza kuhariri video na kufungua mashine aone ndani, na kafe hawamruhusu hata kugusa skrubu. Hiyo kwangu ni sababu nzuri kuliko gemu zenyewe. Tukaendelea.

Njia ya kwanza ni kununua vipuri vipya kimoja kimoja na kuunganisha. Ni njia tamu, na kama una milioni na nusu kwenda juu sikukatazi. Hapo ningekwambia utafute prosesa ya AMD yenye herufi G mwishoni, kama Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021, kwa sababu ina grafiki yake ndani na inacheza gemu nyepesi bila kadi. Angalia hiyo herufi kama unavyoangalia namba ya kura. Ryzen 5 5600 bila G haina picha kabisa, na kwa Intel zile zenye F mwishoni, kama i3-12100F, hali ni hiyo hiyo: ukiwasha bila kadi, monita inabaki nyeusi na unaanza kulaumu ushirikina. Ukitumia hiyo ya G, weka RAM mbili za GB 8 badala ya moja ya GB 16, maana grafiki yake inakopa RAM ya kompyuta, na RAM mbili zinafungua njia mbili.

Lakini kwa laki saba na nusu, monita ikiwa ndani ya hesabu, njia hiyo imefungwa. Na imezidi kubana, kwa sababu bei ya RAM duniani imepaa tangu mwishoni mwa 2025. Viwanda vinapeleka chipu kwenye mashine za akili bandia, huko ndiko kwenye faida. Kampuni ya Micron ilitangaza Desemba 2025 kwamba inaachana na RAM na SSD za Crucial, zile ambazo sisi watu wa kawaida tulikuwa tunanunua dukani. Sisi wa Olmotonyi tunalipia vita ya matajiri.

Kwa hiyo njia ya pili, na ndiyo tuliyofuata: kompyuta ya ofisi iliyotumika, halafu unaiongezea kadi. Hizi Dell, HP na Lenovo mnazoziona zimepangwa madukani mjini zimetoka kwenye ofisi za Ulaya, Marekani na Uarabuni. Kampuni ikibadilisha mashine baada ya miaka kadhaa, za zamani zinauzwa kwa jumla na kufungwa kwenye kontena. Ndani yake mara nyingi kuna prosesa nzuri ambayo maisha yake yote imeandika barua tu. Ngoja niwape mfano. Rockstar walipotoa GTA V ya kompyuta Aprili 2015, prosesa ya Intel waliyoipendekeza, si ile ya chini kabisa bali ya kupendekezwa, ilikuwa Core i5-3470. Prosesa hiyo hiyo imejaa kwenye Dell za ofisi za mwaka 2012.

Hapo watu wengi wanaruka moja kwa moja kwenda kutafuta kadi. Subiri. Kabla ya kadi kuna kitu ambacho hakina taa wala hakionekani kwenye picha za matangazo, nacho ni pawa saplai, lile boksi la chuma linalopokea umeme wa ukutani. Ndilo litakaloamua unaweza kuweka kadi gani, na kama mwaka kesho utaweza kubadilisha chochote.

Mimi nililijua hili kwa maumivu. Kompyuta yangu ya kwanza kuunganisha, niliweka hela kwenye kila kitu, pawa saplai nikanunua ya bei chee dukani mjini, imeandikwa wati 600 kwa herufi kubwa. Ilikuwa nyepesi kama kopo tupu la maziwa. Nikafurahi eti imetengenezwa kisasa. Siku ya tisa, katikati ya mechi, ukasikika mlio kama wa bisi, ikafuata harufu, halafu giza. Iliondoka na mazabodi yangu. Muuzaji akaniambia umeme wa kwetu ndio mbovu, na risiti alikuwa hakunipa. Miezi mitatu ya akiba ikaenda hivyo.

Kwa hiyo sheria yangu ni kwamba pawa saplai ya asili iliyokuja na Dell au HP ya ofisi, hata ikiandikwa wati 275 tu, naiamini kuliko boksi jepesi lililoandikwa 600. Wati zilizoandikwa kwenye hizi za ofisi ni za kweli. Hesabu iko hivi. i5-3470 kiwango chake ni wati 77. Kadi isiyo na waya wa ziada haipewi zaidi ya wati 75, kwa sababu hicho ndicho kiwango cha sloti ya mazabodi. Diski, RAM na feni ukizipa wati 40 unabaki chini ya 200. Pawa saplai ya wati 275 inapumua vizuri.

Sasa umbo na soketi. Kompyuta za ofisi zinakuja kwa maumbo. Kuna kidogo sana kama kitabu, hicho hakina hata sloti ya kadi, achana nacho. Kuna ile nyembamba ya kulala, inaandikwa SFF. Hiyo inakubali kadi fupi za nusu kimo tu, ambazo ni adimu na muuzaji anajua kwamba huna pa kwenda. Halafu kuna ile pana ya kusimama, ambayo unaweza kuweka kadi ya kawaida. Unataka hiyo, hata kama ile nyembamba ni rahisi kwa elfu hamsini. Elfu hamsini hiyo utairudisha mara mbili ukianza kutafuta kadi ya kuingia humo.

Ukishapata ya kusimama, omba ifunguliwe ubavu. Angalia ule waya mnene unaotoka kwenye pawa saplai kuingia kwenye mazabodi. Kama una pini 24, umepata, maana hiyo ni soketi ya kawaida ya dunia nzima, pawa saplai yoyote nzuri itaingia siku ukitaka kuongeza nguvu. Dell OptiPlex 7010 ya kusimama ya mwaka 2012 ni ya namna hiyo, na ndiyo niliyomwandikia dogo kwenye karatasi. Lakini OptiPlex 9020, 7020 na 3020 zilizofuata mwaka mmoja au miwili baadaye zikaja na pini 8 za Dell wenyewe. HP EliteDesk 800 G1 ina pini 6 za HP. Lenovo nyingi za ThinkCentre nazo zina zao. Si mashine mbaya, tena prosesa zake ni za kizazi kinachofuata, ila pawa saplai ikifa unahitaji ya aina hiyo hiyo au adapta, na adapta hazijajaa madukani hapa Chuga. Halafu msichanganyikiwe, Dell waliirudia namba hiyo mwaka 2023, kwa hiyo kuna OptiPlex 7010 mpya kabisa yenye prosesa ya kizazi cha 13. Hiyo ukiuziwa kwa laki tatu, nipigie mimi nije na hela yangu.

Kuna kitu kingine kwenye pawa saplai, hasa za mashine zilizotoka Marekani. Nyuma, karibu na tundu la waya wa umeme, baadhi zina kiswichi chekundu chenye namba 115 na 230. Umeme wetu ni 230. Kikiwa kwenye 115 ukachomeka ukutani, utasikia mlipuko na safari imeishia hapo. Zisizo na kiswichi zinajirekebisha zenyewe, lakini soma stika iseme 100-240.

Haya, kadi. Ukishakubali sheria ya wati 75 na hakuna waya wa ziada, orodha inakuwa fupi na hilo ni jambo jema. GTX 750 Ti ya mwaka 2014, wati 60, 2GB, imezeeka lakini bado inasukuma PES na Counter-Strike za zamani. RX 550 ya 2017, wati 50. GTX 1050 Ti ya 2016, 4GB, wati 75. GTX 1650 ya 2019, 4GB, nayo wati 75, lakini angalia, viwanda vingi vimeitoa ikiwa na tundu la waya wa pini 6, na kompyuta ya ofisi haina huo waya. RX 6400 ya 2022 inatumia wati 53 tu, ila imetengenezwa na njia nne badala ya kumi na sita, kwa hiyo kwenye mazabodi ya zamani inabanwa koo. Ningeweza kuchagua bila kuangalia bei, ningechukua 1650. Sababu si kasi peke yake. NVIDIA waliacha kutoa draiva mpya za gemu kwa kadi za kizazi cha 750 Ti na 1050 Ti Oktoba 2025, na sasa wanatoa za usalama tu, hadi Oktoba 2028. Gemu ulizonazo zitaendelea kucheza, zile za mwakani ndizo zitakazoanza kukukataa.

Kadi ndiyo yenye utapeli mkubwa kuliko vyote. Kuna watu wanachukua kadi za mwaka 2010 au 2011, GTS 450 au GTX 550 Ti, wanazibadilisha programu ya ndani ili zijitambulishe kama 1050 Ti. Windows inadanganyika. Ukianza gemu, inaganda au inazima. Dawa ipo na ni bure: programu inaitwa GPU-Z. Tangu mwaka 2018 inazitambua nyingi za namna hii na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Pia tumia macho. Kadi za kizazi cha GTX 10 ziliachana na picha ya VGA, ile soketi ya bluu yenye matundu kumi na tano. Ukiona "1050 Ti" ina VGA mgongoni, weka hela mfukoni kwanza, halafu uulize.

Tulikwenda mjini siku ya Jumanne, kwa Hiace kutoka Ngaramtoni, tukiwa na flashi. Hiyo flashi ndiyo nataka uige, kwa sababu wewe uko kafe sasa hivi na unaweza kuipakia leo: GPU-Z, CPU-Z, CrystalDiskInfo na FurMark. Zote bure, zote ndogo. Duka la kwanza walikuwa na 1050 Ti kwa laki na nusu. Dogo macho yakamtoka. Ina VGA. Nikaomba tuichomeke, fundi akasema kompyuta ya kujaribia ni mbovu. Iliyokuwa mbele yetu ilikuwa inapiga Bongo Fleva. Tukashukuru tukatoka. Duka la tatu ndipo tulipopata ya kweli, 190,000, GPU-Z ikaisoma vizuri, FurMark ikaikimbiza dakika kumi na tano bila madoa kwenye picha wala kuzima. Za 1650 zisizo na tundu la waya hatukuzipata kwa bei yetu. Na zile zilizotumika, mjue zingine zimechimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana. Feni ikikwaruza au ikiyumba, punguza bei au acha.

OptiPlex tuliipata duka la jirani, ya kusimama, i5-3470, RAM GB 8 kwa vipande viwili vya 4, hadidiski ya GB 500, laki mbili na elfu themanini. Kabla ya kulipa tuliiwasha na kubonyeza F2 kuingia BIOS. Fanya hivyo, usione aibu. Mashine nyingi za ofisi zinakuja zimefungwa BIOS kwa nenosiri la mwajiri wake wa zamani, na fundi atakuahidi ataifungua kesho. Angalia pia zile silinda ndogo kwenye mazabodi, vichwa viwe bapa, kikivimba kimoja acha. CrystalDiskInfo ilituonyesha hadidiski imeshakimbia saa elfu ishirini na ushee, kwa hiyo tukaibakiza kwa kuhifadhia tu na tukanunua SSD ya GB 240 kwa 65,000. SSD haiongezi kasi ya gemu yenyewe, lakini mashine inawaka kabla hujamaliza kuvuta kiti. Monita ya inchi 19 iliyotumika, 90,000, hakikisha ina soketi inayolingana na kadi yako. Kibodi na mausi, 20,000. Risiti tuliomba kila mahali, na kwenye ya kadi nikamwomba muuzaji aandike jina kamili na siku saba za kurudisha. Alinuna lakini akaandika. Hizi ni bei tulizolipa sisi siku hiyo baada ya kubishana, usizipeleke dukani kama amri.

Ikabaki laki moja na elfu tano. Dogo akataka feni za taa. Hapo ndipo mama yake alipotusaidia, na yeye hajui hata kadi ya grafiki ni nini. Asubuhi tulipokuwa tunaondoka alinisimamisha getini, "Mwanangu, hiyo mashine yenu itakula LUKU kiasi gani?" Nikamjibu, mama, nikirudi nitakupa hesabu kamili.

Hesabu ndiyo hii. Kompyuta hiyo ikiwa kwenye gemu, pamoja na monita, iipe wati 180. Saa nne kwa siku ni kama uniti 0.7. Kwa mwezi ni uniti 21 au 22. Utaona ni kidogo. Lakini nyumba hiyo iko kwenye tarifu ya D1, ile ya watumiaji wadogo, ambayo kwa bei za EWURA za mwaka 2016 inatoza shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka, kila ya ziada ni shilingi 350. Mama anatumia uniti 60 hivi. Sitini na ishirini na mbili ni themanini na mbili. Dogo angewavusha mstari, na wakizoea kuvuka wanaweza kuhamishiwa tarifu ya juu, hapo hata taa ya jikoni na pasi ya mama zinapanda bei karibu mara tatu. Kwa hiyo tukakubaliana saa mbili siku za kazi na nne Jumamosi na Jumapili. Hiyo ni kama uniti 14 kwa mwezi. Inaingia kwa kubana.

Na ile hela haikwenda kwenye taa. Ilikwenda kwenye UPS iliyotumika ya VA 650, yenye betri mpya, 70,000. Sisi tunaokaa chini ya msitu tunajua, upepo ukishuka kutoka Meru tawi moja likigusa waya umeme unakatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika, na kule kurudi ndiko kunakoua mashine. UPS haikupi muda wa kumaliza mechi, inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa heshima. Radi ikianza, chomoa kabisa ukutani. Baridi yetu ni rafiki, mashine haichemki kama za Dar. Adui ni vumbi la kiangazi. Ifungue kila baada ya miezi miwili au mitatu, tumia brashi laini ya rangi, na shika feni kwa kidole isizunguke wakati unaifuta.

Kuhusu Windows, hapa mkae mkao wa kusikiliza. Windows 10 iliisha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Microsoft walitoa nyongeza ya masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026 kwa wanaojiandikisha. Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine ya dogo ni kizazi cha 3. Kwa hiyo Valorant, ambayo kwenye Windows 11 inadai hiyo TPM na kwenye Linux haiingii kabisa, nilimwambia aisahau kwa sasa. Tuliweka mifumo miwili: Linux Mint kwa ajili ya intaneti na Counter-Strike 2, na Windows 10 kwa ajili ya PES, bila kuiunganisha mtandaoni. GTA V ya hadithi inacheza kwenye Linux kupitia Steam, ile ya mtandaoni imezuiwa huko tangu Septemba 2024. Kama lengo lako ni Valorant au EA FC, usinunue ya kizazi cha 3 hata ikiwa bei ya kutupa. Jipange mpaka upate ya kizazi cha 8, mfano OptiPlex 3060 au 7060 za mwaka 2018, ukijua kwamba soketi zake za umeme ni za Dell wenyewe.

Halafu bando. GTA V ni zaidi ya GB 100. Usijaribu kuishusha kwa simu, utauza parachichi mwaka mwingine. Nunua kwa akaunti yako ya Steam, halafu mwombe mwenye nayo akukopie folda yake kwenye diski ya nje. Steam itakagua faili na kushusha zile zilizopungua tu.

Tuliunganisha Jumatano jioni, mezani kwa mama, mlango umefungwa paka asiingie. Dogo ndiye aliyeshika bisibisi, mimi nilishika tochi. Kadi ilikataa kukaa mara ya kwanza, ikabidi aisukume mpaka isikike kidoko. Ikawaka mara ya pili, ya kwanza alisahau kuhamisha waya wa monita kutoka kwenye mazabodi kwenda kwenye kadi. Hilo linampata kila mtu, usitoe jasho. Dakika ya 80 ya mechi yake ya kwanza umeme ukakatika, UPS ikaanza kulia, mama akaita kutoka jikoni, "Zima hiyo kitu!" Akazima. Siku hizi mama ameandika namba za uniti kwenye karatasi nyuma ya mlango na anazisoma kila Jumapili baada ya ibada. Wiki mbili za kwanza zimetumika uniti 34 nyumba nzima.

Kuna chalii mwingine wa Ngaramtoni ana OptiPlex 9020 imekaa kabatini, pawa saplai imekufa. Mwenye adapta ya kutoka pini 24 kwenda 8, au anayejua duka la hapa Arusha linalouza, aandike hapo chini na bei yake.